Hita ya pampu ya joto (Arusha na Moshi): haichemshi, inatona, inakula uniti. Pima kwanza, gesi baadaye

Kompresa_Kaloleni

Wakuu habari. Uzi huu ni wa wenye hita za maji za pampu ya joto (zinachota joto la hewa na kulipeleka kwenye maji), zile zenye tangi na juu yake kompresa na feni, au tangi ndani na mashine nje. Ikigoma tu, neno la kwanza kusikika ni "gesi imeisha, tuongeze". Gesi ya hita hizi haiishi kwa kutumika kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa kiwandani, na ikipungua ujue kuna tundu. Kabla ya kufika huko kuna vitu vitatu vya kupima bila kugusa bomba la gesi: umeme, hewa na maji.

Tukubaliane kwanza kawaida yake ni ipi, maana hita nzima nyingi zinaitiwa fundi bure. Kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kunataka joto la kama uniti 8.1. Elementi (ile ya kuchemsha maji kwa umeme moja kwa moja) inazilipa zote kwenye LUKU. Pampu ya joto inayotoa joto mara tatu ya umeme inaokula inalipa 2.7 hivi. Lakini haina haraka: kompresa ya wati 600 inasukuma joto la wati 1,800, kwa hiyo tangi hilo litachukua saa nne na nusu. Aliyezoea shawa ya umeme ya papo hapo ataiona mbovu wakati iko sawa kabisa.

Kifaa kitakachokuokolea hela nyingi ni klampu mita, kile kipima ampea kinachobana waya kwa nje. Shika waya wa laivu peke yake, ukishika kebo nzima itasoma sifuri. Kompresa ya ukubwa huo inasoma ampea 2.5 hadi 4. Elementi ya wati 2,000 inasoma 8.7. Zikiwa pamoja ni kama 12. Ikisoma sifuri wakati maji ni ya baridi, angalia taima, breka, na kile kitufe cha usalama kilichojificha nyuma ya kifuniko cha elementi, ambacho huruka tangi likipata joto kupita kiasi. Kibonyeze mara moja. Kikiruka tena usikibonyeze tena, tafuta kwa nini tangi linazidi joto: temosta imeganda au sensa imeachia ukuta wa tangi.

Wekeni vipimo vyenu hapa tuviangalie pamoja.

NjiroBlockC

Asante kwa uzi mkuu. Yangu ni lita 200, maji ni ya moto vizuri ila uniti zinakwenda kama maji. Klampu inasoma 8.6 muda wote. Feni haizunguki. Fundi amesema ni gesi, anataka kuja na mtungi kesho.

Kompresa_Kaloleni

Dada, mwambie asubiri. 8.6 na feni imelala ni elementi inafanya kazi peke yake. Kuna mambo mawili. Aidha hita imewekwa kwenye modi ya elementi (wakati mwingine mtu kabonyeza tu kioo), au kompresa imejaribu kuwaka ikashindwa, bodi ikaamua kutumia elementi ili msikose maji.

Iweke modi ya kompresa peke yake, izime kwenye breka, subiri dakika tano, washa. Usishangae ikikaa kimya dakika tatu hadi tano za mwanzo. Huo ni ulinzi, kompresa hairuhusiwi kuwaka kabla mgandamizo wa pande mbili haujalingana. Kisha sikiliza na utuambie.

NjiroBlockC

Nimefanya. Baada ya dakika nne hivi imevuma "mmmm" kama sekunde tano, ikatoa mlio wa tiki, ikanyamaza. Imerudia hivyohivyo baadaye. Feni sasa inazunguka.

Kompresa_Kaloleni

Huo ni mlio wa kompresa iliyokosa nguvu ya kujizungusha, na ile tiki ni ulinzi wake wa joto kukata. Gesi kupungua hakuleti mlio huo. Kuna volti ndogo, kapasita (kifaa kinachoisaidia kompresa kuanza kuzunguka) iliyochoka, au kompresa yenyewe kukwama, na uwezekano unakwenda kwa mpangilio huohuo.

Anza na volti. Tafuta fundi umeme mwenye multimita, apime sehemu mbili elementi ikiwa inafanya kazi: kwenye breka ya hita pale kwenye mita, na kwenye vituo vya waya vya hita yenyewe. Tofauti ya volti 4 au 5 kwa kebo ya milimita 2.5 yenye urefu wa mita 25 ni kawaida. Zaidi ya 10 kuna tatizo njiani.

Meru1400

Naongezea hapo. Akipima aangalie pia volti wakati kompresa inajaribu kuwaka, siyo imetulia tu. Kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida kwa kitambo kidogo, na hapo ndipo waya mwembamba au kiungo kibovu kinapojionyesha. Chini ya volti 200 pale kwenye hita, nyingi hazitawaka. Mitaa iliyo mbali na transfoma huona hali hii zaidi kati ya saa 1 na saa 4 usiku, watu wote wanapopika.

NjiroBlockC

Fundi umeme kapima. Kwenye breka 226, kwenye hita 209, elementi ikiwa inawaka. Kompresa ikijaribu, kwenye hita inashuka hadi 188 na kwenye breka haishuki chini ya 221.

Kompresa_Kaloleni

Basi umeme wa mtaani ni mzima, na ugonjwa uko kati ya breka na hita. Volti 17 zinapotea kwa ampea 8.6. Kebo ikila 4, zimebaki 13 kwenye kiungo kimoja mahali fulani, na 13 mara 8.6 ni zaidi ya wati 100 zinazogeuka joto sehemu ndogo kama kichwa cha skrubu. Zima breka kuu, mwambie afungue ile swichi ya hita ya ampea 20 ukutani. Aangalie nyutro kwanza, watu hukaza laivu na kuisahau nyutro.

Tafadhali mambo haya yafanyike leo. Hilo ni jambo la moto, siyo la uniti tu.

NjiroBlockC

Kweli mkuu. Upande wa nyutro plastiki imekuwa ya kahawia, skrubu imelegea, waya umekatika nyuzi nusu yake na zilizobaki zimekuwa nyeusi.

Kompresa_Kaloleni

Badilisha swichi yote, usikaze ileile. Akate waya hadi shaba inayong'aa, avue kipande kipya, abane nyuzi zote kwa kichwa cha kubana kabla ya kuingiza. Mzigo wa hita hiyo ni kama ampea 12, breka ya 16 na kebo ya 2.5 zinatosha. Nyumba ndefu yenye zaidi ya mita 30 weka milimita 4. Mjini watu wanaweka 1.5 "kwa kuwa ni hita ndogo", wasifanye hivyo. Na waya wa athi uwepo wa kweli, pamoja na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30.

Shanty_Bomba

Kwa wengine ambao volti zao ni nzuri na bado kompresa inavuma na kukata, pimeni kapasita. Zima, subiri, izime chaji kwa rizista (siyo bisibisi, utaharibu na unaweza kuumia), toa waya mmoja, pima mikrofaradi. Ikiandikwa 30 na asilimia 5, chini ya 28.5 imekufa. Rudishia namba ileile na volti 450. Kuweka kubwa "ipate nguvu" kunaunguza vilima vya kompresa. Hita zenye kompresa ya inveta hazina kapasita hiyo, kwao kazi yote iko kwenye bodi.

Bodi nazo: mijusi na sisimizi wanapenda joto lake. Ziba tundu la kuingilia kebo.

Meru1400

Nihamie kwenye hewa, kwa sababu hapa Arusha ndipo shida nyingi zinazoitwa gesi zinapozaliwa.

Hita hii inakula hewa. Ikifungwa kwenye stoo iliyobanwa, inapoza hewa ileile tena na tena mpaka haina cha kuchota. Kipimo kinachotumika sana ni chumba cha mita za ujazo 20 hivi. Stoo ya mita 2 kwa 2 yenye urefu wa mita 2.7 haifiki hata 11. Weka mlango wa vibao vyenye nafasi juu na chini, au toa hewa baridi nje kwa bomba.

Tupo mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Feni inasukuma ujazo uleule lakini uzito mdogo wa hewa. Hilo peke yake hutaliona, ila ukiongeza chujio lenye vumbi la kiangazi unaliona haraka. Chujio lioshwe kila mwezi vumbi likiwa jingi, kwa maji na sabuni ya kawaida, likauke kivulini. Nyuma ya chujio kuna mapezi ya alumini: brashi laini, kufuata mistari yake, kisha maji ya taratibu kutoka juu. Ile mashine ya kuoshea magari inayalaza mapezi yote na hewa haipiti tena.

Usiiweke karibu na jiko la kukaangia, mafuta yanashika vumbi na kugeuka gundi. Wala karibu na banda la kuku: amonia inakula shaba, na mwisho wake ni tundu la gesi kweli.

Kuhusu barafu. Julai usiku hapa mjini inashuka hadi 10 au 12. Kwa hewa hiyo koili (mabomba yenye hayo mapezi) haipaswi kuganda. Barafu ya kawaida huanza hewa ikiwa chini ya nyuzi 7 hivi, na mashine nzuri huiyeyusha zenyewe. Kwa hiyo ukikuta barafu nyeupe mjini Arusha, na Moshi ndiyo kabisa, kuna kosa. Imefunika koili yote sawasawa? Hewa haipiti: chujio, mapezi au feni. Imeganda mabomba machache ya mwanzo tu na sehemu iliyobaki ni kavu na ya joto? Hapo ndipo nitakubali kusikia habari ya gesi.

Rau_Madukani

Wakuu mimi niko Moshi, chini ya hita kuna maji kila siku, na kwenye kile kibomba cha valvu ya pembeni yanatona. Tangi limetoboka?

Shanty_Bomba

Mangi, hayo ni maji mawili tofauti, usiyachanganye. Weka ndoo kwenye kila kibomba.

Maji ya kibomba cha plastiki chini ya koili ni umande unaotokana na unyevu wa hewa. Moshi, hasa kipindi cha masika, ni lita kadhaa kwa siku na ni dalili njema. Yakimwagika pembeni badala ya kupita kwenye bomba, bomba limeziba kwa utelezi wa ukungu. Mimina kikombe cha siki, acha nusu saa, suuza. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita, na usiliunganishe na bomba la valvu.

Valvu sasa. Maji ya lita 200 yakitoka nyuzi 20 hadi 60 yanavimba kwa kama lita 3. Zamani yalirudi tu kwenye simtanki. Ukifunga valvu ya kuzuia maji kurudi, hayana pa kwenda, mgandamizo unapanda mpaka valvu ya usalama ifunguke. Kwa hiyo kama inatona wakati wa kuchemsha tu na ndoo haizidi lita 3, ni nzima. Ukitaka ikome, weka tangi dogo la kupokea uvimbe, lita 12 hadi 18, kwenye bomba la maji baridi kati ya hita na ile valvu ya kuzuia, na hewa yake ujaze kulingana na mgandamizo wa maji yanayoingia.

Ikitona hata maji yakiwa ya baridi, inua kile kimkono chake mara mbili tatu itoe mchanga, jihadhari na maji ya moto. Ikiendelea, badilisha. USIIZIBE kwa plagi. Tangi lenye maji ya moto lisilo na pa kupumulia linalipuka, na halichagui ukuta.

Na wala usiondoe valvu ya kuzuia kurudi. Simtanki ikikauka na mtu akafungua bomba la chini, maji ya hita yanafyonzwa nje, elementi inabaki kavu na kuungua ndani ya dakika chache. Elementi nzima ya wati 2,000 inasoma ohmu 26 na nusu hivi. Ikisoma wazi, imekatika. Baada ya maji kurudi, fungua bomba la moto mpaka litoke bila kukohoa ndipo uwashe.

Kibosho_Juu

Yangu klampu inasoma 3.2, feni inapuliza baridi, kioo kinasema 55, lakini bafuni maji ni vuguvugu. Sensa?

Shanty_Bomba

Kabla ya sensa fanya jaribio hili. Funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita. Fungua bomba la moto lolote. Maji yanatakiwa kukata baada ya muda mfupi. Yakiendelea kutiririka, kuna maji baridi yanayoingia njia ya moto kutoka mahali pengine.

Mkosaji mkubwa ni shatafu iliyofungwa kwenye mikisa: mtu anaachia kitufe cha mkononi na kuiacha mikisa wazi pande zote. Moto na baridi zimeunganishwa hapo muda wote, na bafu la pili likifungua moto linavuta baridi kwa njia hiyo ya mkato. Funga mikisa, jaribu tena.

Kibosho_Juu

Yaliendelea kutoka. Nimefunga mikisa ya shatafu ya choo cha wageni, yamekata. Bafuni sasa ni moto.

Meru1400

Vizuri. Shatafu hiyo ipe koki ya baridi peke yake, tatizo halirudi.

Kwa atakayefanya jaribio hilo na maji yakakata, hapo ndipo apime sensa. Nyingi za tangi ni ohmu 10,000 kwa nyuzi 25, na kwa nyuzi 50 zinashuka hadi kama 3,600. Tumbukiza kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto, namba ishuke taratibu bila kurukaruka. Soma kitabu cha hita yako kwanza, wapo wanaotumia thamani nyingine. Namba za kosa kwenye kioo nazo hazifanani kati ya kampuni na kampuni, usichukue maana yake kwenye hita ya jirani.

Tengeru_Maji

Mmesahau anodi, ile fimbo ndani ya tangi inayoliwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Kitabu kinaweza kukuambia uiangalie baada ya miaka mitatu. Kwa maji ya huku chini ya Meru, fungua mwaka wa kwanza. Chemchemi na visima vingi vya upande huu vina chumvi nyingi za sodiamu zilizoyeyuka, maji yanapitisha umeme vizuri, na anodi ya magnesiamu inaliwa haraka. Kalsiamu si nyingi kivile, kwa hiyo mtu anaona hakuna magamba kwenye birika anadhani maji ni laini na tangi liko salama. Tangi linakufa kwa kutu, siyo kwa magamba.

Zima umeme, funga maji ya kuingia, toa lita 10 kwa koki ya chini, legeza kichwa cha anodi kwa spana ya boksi. Ukiona waya wa katikati umejitokeza, ibadilishe. Tumia tepu ya bomba kwenye nyuzi tu. Wakati huohuo endelea kumwaga kwa koki ya chini hadi maji yatoke meupe, hasa baada ya mvua zilizoleta matope.

Maji ya moto yakinuka yai bovu na ya baridi hayanuki, ni bakteria wakishirikiana na magnesiamu. Pandisha hadi nyuzi 65 kwa saa chache, mwaga mabomba yote, na ukirudishia chagua anodi ya alumini na zinki.

Na jambo moja kwa wenye watoto: fluoridi, ile iliyomo kwenye maji ya huku na kuharibu meno, haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya hita yasipikie uji kwa imani kuwa yamesafishwa.

Sakina_B

Kompresa, sasa tuambie gesi kweli ikiwa imepungua tufanyeje. Wengine tumeshapita vipimo vyote.

Kompresa_Kaloleni

Dalili ziwe pamoja, siyo moja. Kompresa inazunguka dakika 15 na zaidi, hewa inayotoka inapishana na inayoingia kwa nyuzi 1 au 2 tu (nzima hupishana 4 hadi 8), ampea ziko chini ya zilizoandikwa kwenye kibati, barafu iko mabomba ya mwanzo tu, na mara nyingi kuna doa la mafuta kwenye kiungo.

Soma kibati: aina ya gesi na gramu zake. Zile za R290 ni propani. Inawaka. Fundi wa friji asiyezoea gesi hiyo asiwashe tochi ya kuchomelea hapo, na kazi ifanyike nje penye upepo. R32 nayo inawaka kwa kiasi. R134a haina shida hiyo, ila haichanganywi na nyingine.

Kazi sahihi ni hii: gesi iliyobaki itolewe, tundu litafutwe kwa naitrojeni na povu la sabuni. Oksijeni ya kuchomelea ni marufuku kabisa kwenye kupima, ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Lichomelewe, chujio la gesi libadilishwe, pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa yote) ivute hadi mikroni 500 na ishikilie, kisha gesi ijazwe kwa mizani, gramu zilizoandikwa. Fundi akija bila mizani na bila pampu, anajaza kwa kukisia. Hita inabeba gesi kidogo, gramu 50 zaidi zinatosha kuifanya ikate kwa mgandamizo mkubwa.

NjiroBlockC

Swichi mpya imefungwa. Hita 221, breka 226, elementi ikiwaka. Kompresa imewaka jaribio la kwanza, klampu 3.1, hewa inaingia 22 inatoka 16.

Niweke saa ngapi na nyuzi ngapi?

Kompresa_Kaloleni

Nyuzi 55, modi ya kompresa peke yake, na mara moja kwa wiki ipande 60 kuua bakteria wa tangini. Maji ya 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo bafu la watoto liwekewe valvu ya kuchanganya iliyofungwa kwenye 49 au chini.

Saa weka kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 alasiri, hewa ikiwa na joto na volti zikiwa nzuri. Kwenye kioo andika 11:00 na 16:00. Umeme ukikatika, taima isiyo na betri inarudi 00:00 na inaweza kuanza kuchemsha usiku wa baridi, kwa hiyo kila umeme ukirudi angalia saa ya kioo kabla ya kitu kingine.